Mwana Anapokabidhiwa Usukani



Wapenzi wasomaji, akina mama watatu wametujia msikitini kwa nyakati mbalimbali, kila mmoja akituomba tuandike neno la kuwausia vijana wetu wanaopata leseni ya malori na kuingia barabarani kutafuta rizki. Tulichelewa kuitikia. Si kwamba hatukuwa na la kusema, bali tunalo deni letu wenyewe katika jambo hili, na deni hilo tuliliacha Kabras.

Mpwa wetu, mwana wa dada yetu, alipata leseni ya daraja C mwaka jana. Tulidhani angepata kazi ya bandarini, karibu na mamake. Rizki yake ikatokea Kabras, kaunti ya Kakamega, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa, na mzigo wenyewe ni miwa. Dada yetu hakulala siku tatu. Akatwambia, "Kaka, mpeleke wewe, ukaone mahali anapokwenda kukaa." Tukafunga safari pamoja naye.

Kabras ni nchi ya miwa na mvua. Barabara kuu itokayo Kakamega kwenda Webuye hupita Malava na msitu wake, na kiwanda cha sukari cha West Kenya kiko kando ya barabara hiyo. Tulisalimiwa "Mulembe" kila tulipopita. Mwenyeji wetu alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye asili ya Mumias, mji ambao misafara ya wafanyabiashara wa pwani yetu iliufikia tangu karne ya 19, ikaacha dini na lugha. Mzee huyu aliendesha malori kwa zaidi ya miaka thelathini, kutoka bandari ya Mombasa hadi Malaba na Kampala. Tulikaa kwake juma zima, na kila alfajiri baada ya swala alimtoa mpwa wetu nje akamfundisha yale ambayo chuo cha udereva hakikumfundisha.

Tuliyoyasikia kwake ndiyo tunayowapa vijana. Alimwonyesha jinsi ya kufungua vali chini ya matangi ya upepo ili maji yaliyokusanyika yatoke, kwani breki za lori hushikwa kwa upepo. Alimfundisha kugonga tairi za nyuma, zile zinazokaa mbili mbili, na kusikiliza, kwa kuwa moja ikiisha upepo hujificha nyuma ya mwenzake. Akamkalisha kwenye kiti cha dereva, kisha yeye mwenyewe akazunguka lori polepole akiuliza, "Waniona? Na sasa?" Kijana alistaajabu kuona mtu mzima akipotea kabisa mbele ya boneti, nyuma ya tela, na zaidi ya yote upande wa kushoto. Na upande huo wa kushoto ndiko bodaboda hupenyeza, ndiko akina mama hutembea na mizigo kichwani, ndiko watoto hukimbilia tela ili wachomoe muwa ilhali gari linakwenda. Hilo la watoto tuliliona kwa macho yetu siku ya pili, na moyo wetu ulisimama.

Tukamwuliza mzee kwa nini madereva wa huko wana haraka namna ile, na barabara ni ya utelezi. Alituambia kwamba muwa ukishakatwa hukauka na kupungua uzito, na foleni ya kiwandani ni ndefu, na dereva wengi hulipwa kwa tripu. Basi kila mmoja, tangu mwenye shamba mpaka mwenye lori, humsukuma dereva, naye ndiye mwenye umri mdogo kuliko wote na aliye mgeni kazini. Sheria ya Trafiki ya Kenya imempa kinga: dereva wa gari la biashara haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa nane kwa jumla katika saa ishirini na nne, na lori zito lisizidi kilomita 80 kwa saa. Lakini kinga hiyo haimfai kijana asiyeweza kusema "Hapana, bwana." Asiyeweza kulisema neno hilo akiambiwa mzigo uongezwe kupita uzito wa mizani, au akikabidhiwa gari ambalo breki zake hazishiki, hajawa dereva bado, hata kama leseni iko mfukoni. Twasema hivi tukijua kwamba wapo waliolisema wakapoteza kazi. Familia ndiyo impe mtoto nguvu hiyo, kwa kumwambia mapema kwamba akirudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu ya kukataa, sahani yake ipo.

Usiku wa mwisho, baada ya Isha, mzee alitusimulia habari yake. Alikuwa kijana. Alikuwa ameendesha tangu alfajiri, na anatafuna miraa ili asilale. Alipofika mteremko wa kwenda Salgaa akatoa gia, akaliacha lori lishuke bure, ili dizeli isalie aiuze. Wengi walifanya hivyo, alisema, na kila mmoja alijua kwamba lori likishuka bila gia breki peke yake hubeba uzito wote, hupata moto, kisha hazishiki tena. Alimgonga mama aliyekuwa akiuza mboga kando ya njia. Wasomaji wetu wanajua hukumu ya anayeua kwa makosa: diya kwa jamaa za marehemu, na kafara, ambayo kwa zama hizi zisizo na mtumwa wa kuachwa huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Alifunga. Alilipa kwa miaka. "Lakini sheikh," akatuuliza, "ile dizeli niliyokuwa nikiiba, ningeuza kwa kiasi gani?" Hatukuwa na jibu. Mpwa wetu alikuwa ameketi pale, na hakula tena chakula kilichobaki.

Kuhusu miraa na mogoka tuseme kwa ufupi, kwani tumekwisha kusema mara nyingi: haiondoi usingizi, huuahirisha tu, kisha huurudisha wote kwa mara moja. Dawa ya usingizi ni kulala. Na dini yetu imemrahisishia msafiri. Safari ikifika masafa yake, dereva ana ruhusa ya kukusuru na kukusanya, Adhuhuri pamoja na Alasiri, Magharibi pamoja na Isha, na akisimama kuswali anyooshe mwili, anawe uso, azunguke gari lake. Ana ruhusa pia ya kula mchana wa Ramadhani akiwa safarini, kisha alipe. Mama anayemwambia mwanawe aliye njiani, "Funga tu, wenzio wanafunga," amchelee Mwenyezi Mungu.

Sasa tulipe deni tulilolitaja.

Tuliporudi Mombasa, mwezi wa pili wa kazi yake, kulikuwa na harusi katika ukoo wetu, na michango ilikuwa haijatimia. Usiku mmoja, baada ya Isha, tulimpigia simu. Hakupokea. Tukapiga tena. Hakupokea. Tukapiga mara ya tatu, na, Mungu atusamehe, tulikuwa tumekasirika, tukisema kijana ameanza kupata pesa na amesahau wakubwa. Mara hiyo alipokea. "Naam, mjomba," alisema, nasi tukaanza kumwuliza habari ya mchango. Kisha tukasikia sauti ambayo hatuwezi kuiandika.

Alikuwa katika kile kipande cha barabara kinachopita msitu wa Malava, mvua inanyesha. Mbele yake palikuwa na trekta lenye tela la miwa, halina taa hata moja nyuma. Aliliona amechelewa, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa sikioni. Akakwepa, lori likaingia mtaroni na kulala ubavu. Yeye alitoka na michubuko. Tanboi wake, kijana wa Kikabras mwenye mke na mtoto mchanga, alivunjika mkono.

Katika taarifa zote zilizoandikwa, kosa lilikuwa la dereva na la yule mwenye trekta. Jina letu halikuandikwa popote. Mpwa wetu hakulitaja, hata kwa mamake. Tulilitaja sisi, tukiwa tumeketi naye dada yetu barazani, naye alinyamaza muda mrefu kabla ya kuondoka kwenda kumpikia mume wake. Tulirudi Kabras kumwona tanboi na kubeba gharama ya matibabu. Mke wake alituletea chai na mahindi ya kuchemsha, akatuita baba. Ilikuwa vigumu kumeza.

Basi akina mama mliotuomba, nasaha tuliyo nayo kwa watoto wenu ni ile ya yule mzee, na mmekwisha kuisikia. Kwenu ninyi tunalo ombi: msimpigie aliye kwenye usukani. Si kwa mchango, si kwa kujua amefika wapi, wala si kwa hamu tu ya kuisikia sauti yake. Heshima tuliyowalea nayo huwafanya wapokee.

Siku hizi dada yetu humwandikia ujumbe mmoja tu kila jioni: ukisimama, tuambie. Kisha huiweka simu kifudifudi juu ya meza na kushika tasbihi. Jibu huja baada ya Isha, na mara nyingine karibu na alfajiri. Juzi lilikuja saa sita za usiku, neno moja: "Nimeegesha."