Ahadi ya Kusadikika

Jioni moja huko Machochwe, kijana wa sekondari alitujia na kitabu cha Shaaban Robert, Kusadikika, kilichotolewa mwaka 1951. Akauliza, "Mzee, mbona mjumbe wa kwanza alinikeshesha, wa nne akanilaza?" Kwa kuwa twamheshimu mtunzi kama mwalimu wetu wa ushairi, tulimkemea. Leo twaungama kwamba kijana alisema kweli.

Mwanzo wa kitabu waahidi makubwa: nchi iliyo hewani, na Karama ameshtakiwa kwa kufundisha sheria. Twatazamia maajabu. Lakini wajumbe sita anaowasimulia hupita njia moja: huenda, huona mema ya wengine, hurudi, hutiwa gerezani. Katika ngano tulizosimuliwa na bibi zetu kando ya moto, ndugu wa tatu hutenda lililowashinda wa kwanza na wa pili; kwa hiyo hatukusinzia. Hapa wa sita hufuata nyayo za wa kwanza.

Hapana shaka mtunzi, aliyekuwa karani katika serikali ya kikoloni, alihitaji fumbo liwe ngao yake. Mafunzo yake hayakupungua uzito. Kilichopungua ni hadithi.

Karama alisimama kizimbani kwa kuthubutu kusema. Je, yafaa tumnyamazishe mwanafunzi kwa ajili ya kitabu cha Karama? Enyi walimu, mwacheni aseme, kisha mwulizeni sababu. Sisi hatukumwuliza, na kijana yule hakurudi tena na kitabu.