Akalla: Matufaha, Hewa na Chupa Iliyojaa



Mgeni ashukaye kituo cha mwisho cha treni ya chini ya ardhi, njia ya buluu nambari 11, hupokewa na pango la rangi ya manjano. Kituo cha Akalla kilifunguliwa mwaka 1977, na picha za kauri zilizomo ukutani, kazi ya Bibi Birgit Ståhl-Nyberg, zaonyesha maisha ya kila siku na ndoto za wanawake na wanaume. Juu ya ardhi yapo maghorofa ya miaka ya 1970, na njia zenye majina ya Kifini, kama vile Sibeliusgången, iliyopewa jina la mtunzi mashuhuri wa muziki wa Finland. Hii ndiyo Akalla ijulikanayo na wengi. Wapo majirani zetu walioishi hapa miaka na miaka wasiijue Akalla ya pili, iliyo mwendo mfupi tu kwa miguu.

Akalla hiyo ya pili ni kijiji, na Waswidi hukiita Akalla by. Maghorofa hukatika ghafla, na mbele yetu hutokea nyumba za mbao za rangi nyekundu, mabanda ya kale na miti mikubwa, kisha uwanda mpana wa Järvafältet. Kijiji kilisalimika kwa sababu ya ajabu kidogo: mwaka 1905 uwanda huu ulitwaliwa kuwa mahali pa mazoezi ya jeshi, na kwa miongo mingi hapakujengwa mji. Jeshi lilipoondoka, mitaa yetu ikajengwa kandokando, na kijiji kikabaki mahali pake.

Wakati bora wa kupita huku ni Septemba. Katika bustani na vishamba vya kukodi vya pande hizi, miti ya matufaha huinama kwa uzito, na mengi huanguka yakaoza chini. Sheria ya nchi humruhusu kila mtu kuchuma matunda ya mwituni, lakini tunda la bustanini lina mwenyewe, nasi yatupasa kuomba. Tumeona mara nyingi kuwa mwenye bustani hufurahi kuombwa, kwani yeye mwenyewe hana la kuyafanya. Kilo mbili za matufaha hutoa takriban lita moja ya juisi. Kwa familia yenye watoto wengi, hiyo si neema ndogo.

Tatizo ni kuihifadhi. Miaka hii Ramadhani hutufikia katika majira ya baridi, na anayetaka kufuturisha kwa juisi ya Septemba hana budi kuitunza karibu miezi mitano. Juisi ina maadui wawili, na wengi wetu huwachanganya.

Adui wa kwanza ni hewa. Tufaha likikatwa hugeuka rangi ya kahawia, na juisi yake vivyo hivyo. Ndani ya tunda mna kimeng'enya ambacho, kikikutana na oksijeni, hubadilisha rangi na kufifisha ladha. Wakamuao miwa pale Forodhani, Unguja, walijua dawa yake zamani: hutia ndimu. Ukali wake hukidhoofisha kimeng'enya, na vitamini C iliyomo huiwahi oksijeni kabla haijaifikia juisi. Hapa twaweza kutumia limau, au unga wa vitamini C uuzwao madukani, mara tu matufaha yanapokamuliwa.

La kustaajabisha ni kwamba elimu hii ina mizizi karibu nasi. Katika mji wa Uppsala, kaskazini mwa hapa, mfamasia Carl Wilhelm Scheele aliitambua hewa ya oksijeni mnamo miaka ya 1771 na 1772, akaiita hewa ya moto. Mtu huyo huyo ndiye aliyeeleza, mwaka 1782, kwamba siki haiharibiki upesi ikiwa chupa zake zitachemshwa ndani ya maji. Na mwaka 1785 akaitenga asidi ya tufaha kutoka katika juisi yake. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 43 tu.

Adui wa pili ni hamira, vijidudu visivyoonekana vikaavyo juu ya ganda la tunda. Hivi huila sukari na kuigeuza kileo. Tafadhali tuzingatie sana jambo hili: hamira haihitaji hewa. Mtu anayejaza juisi mbichi katika chupa na kuikaza kifuniko, akidhani ameihifadhi, amewafungia hamira nyumba yao. Juisi itachacha humo humo, na chupa yaweza kupasuka. Hamira huuawa kwa moto, na hewa huzuiwa kwa namna ya kumimina. Kimoja hakitoshi bila ya kingine.

Kwa hiyo juisi ipashwe moto katika sufuria ya chuma cha pua hadi kufikia nyuzi 80 za Selisiasi, wala isichemke, kwa maana kuchemka huondoa ladha ya tunda. Kipimajoto cha jikoni chatosha. Chupa ziwe zimeoshwa vizuri na kupashwa moto, zisije zikapasuka.

Kisha huja kumimina, na hapa ndipo kazi ya siku nzima hupotea kwa dakika moja. Anayemimina kutoka juu, juisi ikaanguka kwa kishindo na kutoa povu, huichanganya na hewa kana kwamba amekusudia. Njia iliyo sawa ni kuinamisha chupa na kuiteremsha juisi polepole ubavuni mwake, au kutumia mpira safi unaostahimili joto, ncha yake ikifika chini kabisa, ili juisi ipande kutoka chini na kuisukuma hewa nje. Viwanda vya vinywaji hufuata kanuni hiyo hiyo. Wao hutangulia kuijaza chupa hewa ya ukaa, ambayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ndipo wakamimina.

Chupa ijazwe hadi ukingoni, ifungwe papo hapo, kisha ilazwe ubavu kwa dakika chache ili joto lifike kwenye kifuniko. Juisi ikipoa husinyaa, na kifuniko huvutwa ndani. Hiyo ndiyo dalili ya kuwa imefungika. Wengine hupeleka matunda yao kwenye viwanda vidogo vya kukamulia, ambako juisi hutiwa katika mfuko wa plastiki ndani ya sanduku la karatasi. Faida ya mfuko ni kwamba kila unapochota, wenyewe husinyaa, na hewa haipati pa kuingilia. Chupa haina sifa hiyo: ikishafunguliwa, iwekwe katika friji na inywewe kwa siku chache.

Kwetu Waislamu jambo hili si la ladha peke yake. Imepokewa na Ibn Abbas, katika Sahihi ya Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiroweshewa zabibu, akanywa siku hiyo, na ya pili, na ya tatu, kisha kilichobaki hakikuwekwa. Juisi ni halali. Ikigeuka ikawa ya kulevya ni haramu, kidogo chake na kingi chake. Wazee wetu wa pwani waliyajua mageuzi hayo kwa macho: tembo la mnazi huwa tamu likigemwa, likilala huwa kali, likiachwa wazi huishia kuwa siki. Siki iliyojigeuza yenyewe wanazuoni wameikubali kuwa halali. Lakini chupa iliyovimba kifuniko, au itoayo povu na harufu ya hamira, isiwekwe mezani mbele ya watoto kwa kuhurumia jasho letu. Imwagwe.

Tunapendekeza familia mbili tatu zishirikiane Septemba ijayo: mmoja aombe ruhusa ya kuchuma, mwingine atoe sufuria kubwa, na mwenye mkono mtulivu apewe kazi ya kumimina. Kila chupa iandikwe tarehe, ihifadhiwe gizani, mahali pa baridi. Na chupa ya kwanza apelekewe mwenye bustani.