Kumzuia Kwake: Kisa cha Kiambishi Kimoja Kithimani

Yamkini nawe umewahi kuketi darasani ukaelezwa kwamba kiambishi cha mtendwa hukaa mbele ya mzizi wa kitenzi, ukaandika daftarini, ukajibu swali la mtihani, yakaisha. Mimi pia nilidhani yamekwisha. Somo hilo lilinirudia mara mbili: kwanza nyumbani Kithimani, kwa gharama ya shamba zima la nyanya, kisha katika darasa la jioni la Kihispania jijini Nairobi. Nitaanza na hili la pili, ijapokuwa lilitokea miaka kadhaa baadaye, kwa kuwa ndilo lililonifumbua macho.

Mwalimu alitutaka tuseme kwa Kihispania kwamba tunaandika barua, kisha tuirejelee barua hiyo kwa kiwakilishi. Niliinuka kwa kujiamini nikatamka: *Estoy la escribiendo*. Alitabasamu, akageukia ubao, akaandika sentensi mbili, zote sahihi: *La estoy escribiendo* na *Estoy escribiéndola*. Kiwakilishi *la*, alieleza, chaweza kukitangulia kitenzi kisaidizi au kujishikiza mwishoni mwa umbo lile la -ndo. Katikati ya viwili hivyo hakina makao. Kinapojishikiza mwishoni, huwekwa alama juu ya *e* ili mkazo ubaki palepale ulipokuwa kabla ya neno kurefuka.

Kosa langu halikuwa la kubahatisha. Lilitoka kinywani mwa Mkamba aliyesomeshwa kwa Kiswahili. Nyumbani kuona ni *kwona*, na kumwona ni *kũmwona*. Katika lugha zote mbili ishara ya mtendwa huingia ndani ya kitenzi, mbele ya mzizi, nami niliipachika *la* mahali ambapo masikio yangu yaliizoea. Aidha, Kiswahili hakimpi msemaji hiari anayopewa Mhispania. Twasema *nilikuwa nikiiandika*. Sijamsikia yeyote akisema *niliikuwa nikiandika*. Twasema *nataka kuiandika*, ilhali Mhispania angeweza pia kukirusha kiwakilishi chake hadi mbele ya kile kitenzi cha kutaka.

Niruhusu nichepuke kidogo, maana hapa pana utamu. Twasema *anakunywa maji*, lakini *anayanywa*. Ile *ku-* iliyong'ang'ania baada ya *-na-* huondoka mara tu *-ya-* inapoingia. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na kiambishi cha wakati *-na-* hakiwezi kuubeba mkazo huo, ndiyo maana *ku-* huitwa kusaidia. Kiambishi cha mtendwa kinapofika hujibebea mzigo chenyewe, na *ku-* hupumzishwa. Katika kitenzi-jina, hata hivyo, *ku-* haibanduki: *kuyanywa*. Huko si msaidizi tena bali ni kiambishi cha ngeli yenyewe, ile ambayo wanaisimu wa Kibantu huihesabu kuwa ya 15. Mhispania huweka alama ili mkazo usihame. Kwetu kiambishi cha mtendwa hujitwika mkazo chenyewe. Nilitoka darasani jioni ile nikiyanong'ona maneno haya ndani ya matatu, abiria jirani akinitazama kwa wasiwasi.

Turejee Kithimani. Mji wetu uko Yatta, kando ya barabara itokayo Thika kuelekea Garissa. Ardhi ni kavu, na mvua zetu si za kutegemewa. Kilimo chetu cha nyanya na mboga chategemea Mfereji wa Yatta, uletao maji kutoka Mto Thika, uliochimbwa miaka ya 1950 kwa nguvu za mahabusi wa Mau Mau. Wakulima hugawana maji kwa zamu, na zamu ikikupita mwezi wa Agosti, shamba halikusamehe.

Nilikuwa kidato cha tatu, likizoni. Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa ameziba njia ya maji mara tatu katika zamu ya baba. Baba aliamua kuwaandikia wazee waliosimamia zamu, nami, kwa kuwa ndiye msomi wa nyumba, nikakabidhiwa kalamu. Shuleni tulikuwa tumefundishwa kwamba barua rasmi yenye heshima haijai "mimi" na "yangu". Basi nikamgeuza baba kuwa "mlalamikaji", nikaandika: "Mlalamikaji anapakana na jirani yake kwa upande wa juu. Kumzuia kwake kupata maji kumeleta hasara." Niliisoma sentensi hiyo mara mbili kwa fahari.

Baba alikuwa amekwenda Kitui mazikoni siku barua iliposomwa. Wazee waliielewa kinyume: mlalamikaji anakiri kwamba alimzuia jirani. Zamu yetu ikasimamishwa kwa majuma mawili. Baba aliporudi na kuwaeleza, nyanya zilikuwa zimekauka zikiwa bado mbichi, na karo yangu ya muhula wa tatu ilikuwa imo mle shambani.

Nimeirudia sentensi ile mara nyingi. Kitenzi-jina ni nomino na kitenzi kwa pamoja: kama nomino kinamilikiwa, ndiyo *kwake*, kama kitenzi kina mtendwa, ndiyo *-m-*. Ningeandika *kuufunga kwake*, yaani mfereji, pasingekuwa na utata, kwani *u-* ni ya mfereji na *-ake* ni ya mtu. Lakini *-m-* na *-ake* zikiwa za watu wawili wa ngeli moja, nani alimzuia nani? Kihispania walau hutenga *lo* na *la*, japo hilo lisingetufaa, maana wote wawili walikuwa wanaume. Sentensi yangu ilithibitisha jambo moja tu, kwamba mzuiaji na mzuiwa si mtu mmoja. Angekuwa mmoja ningeandika *kujizuia*. Siwalaumu wazee. Mlalamikaji ndiye aliyetajwa kwanza, wakampa yeye umiliki wa tendo.

Ningeweza kuandika *kuzuiwa kwake na jirani*. Hilo ndilo jibu nililomweleza baba likizo iliyofuata ya chuo, nikiwa na Kihispania changu kipya kichwani, tumeketi ukingoni mwa mfereji tukingoja zamu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaokota kijiti, akakitupa majini.

"Lakini mimi ndiye niliyekutuma uandike," akasema. "Mbona hukuandika *kunizuia kwake*?"

Sikuwa na jibu. Maji yalikuwa yamefika, akainuka kuyafungulia.