Tulipopeleka Mchele wa Didia Jamhuri Park

Kwa miaka mingi Didia, kwetu Shinyanga, iliuza mpunga kwa macho. Mnunuzi alifika na lori baada ya mavuno, akachota konzi moja kwenye turubai, akataja bei ya gunia. Gunia lenyewe lilikuwa lumbesa, limejazwa mpaka mdomoni kisha likaongezewa kilemba na kushonwa kwa kamba. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hawakuchoka kulisema hilo, lakini mkulima anayedaiwa ada ya mtoto atabishana vipi na mwenye lori? Sisi wenye mashine za kukoboa tuliupokea utaratibu huo kama tulivyoukuta.

Agosti 2019 Nane Nane ya kitaifa ilifanyika Nyakabindi, Simiyu, kwa majirani zetu. Tulikwenda, tukatazama matrekta na mbegu, tukarudi. Safari iliyotugeuza ni ile ya Nairobi miezi michache baadaye. Wafanyabiashara wa nafaka wa Nyamakima, waliokuwa wakipokea mchele wetu kupitia Sirari, walitualika tuzunguke nao maonyesho ya kimataifa pale Jamhuri Park. Chama kinachoyaandaa kina mizizi tangu 1901, enzi za walowezi, na ng'ombe bado wana heshima yao pale. Msukuma hapiti zizi bila kusimama. Tulisimama sana mbele ya ng'ombe wa maziwa, tukauliza wanakunywa maji kiasi gani kwa siku, maana kwetu Shinyanga hilo ndilo swali la kwanza.

Kwenye banda la mpunga wa Mwea ndipo mwenyeji wetu, mama mmoja tuliyezoea kumwita Mama tu, alipoomba kipima unyevu. Pishori ya Mwea ilisoma chini ya asilimia 14. Akafungua mfuko wetu wa sampuli. Konzi ya kwanza ikatoa namba moja, ya pili, kutoka mfuko uleule, ikatoa nyingine kabisa.

"Mzee wangu," akaniambia, "harufu ya mchele wenu inaniletea wateja. Chenga zinawafukuza."

Alitueleza kwa subira. Mpunga ukianikwa chini kwenye jua kali bila kugeuzwa, punje nyingine hukauka mno na kupata nyufa ndani, nyingine hubaki mbichi. Zile zenye nyufa huvunjika mashineni na kuwa chenga, zile mbichi huota ukungu ghalani. Mchele wa Pakistan, akasema, unalipa ushuru wa asilimia 35 kuingia Kenya, wetu hauulipi kwa kuwa sote tuko Afrika Mashariki, na bado ule unatushinda dukani kwa sababu punje zake zinalingana. Maneno hayo yaliniuma, na yalistahili kuniuma. Majaruba yetu yanatoa mchele mtamu kuliko ule.

Banda la viazi lilikuwa na kelele zaidi. Wakulima walikuwa wakibishana juu ya kanuni mpya ya gunia lisilozidi kilo 50. Nilisikiliza kana kwamba wanazungumza juu ya Didia. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wakiidai sheria yao kwa sauti, mbele ya wanunuzi.

Tuliporudi tulinunua mizani na kipima unyevu. Wanawake wanaoanika ndio walioelewa mapema: turubai, tabaka jembamba, kugeuza kila mara, kufunika jioni. Wanaume wengi walikiita kile kifaa mchezo. Kisha Machi 2021 Kenya ikasimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ule ukungu unaoota kwenye nafaka isiyokauka, na ilipofungua tena siku chache baadaye ikataka cheti cha kuonyesha sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Malori yalikuwa yamekwama mpakani. Wiki hiyohiyo watu wakaanza kuja kuazima kipimo chetu, hata wenye mahindi.

Siku hizi dengu na choroko za mkoa wetu zinapita stakabadhi ghalani, zinapimwa kwa kilo kabla ya mnada, na vijana wanaona hivyo ndivyo biashara ilivyo. Lumbesa haijafa. Inapita vijijini usiku, hasa Februari na Machi njaa inapobana. Lakini msimu uliopita mama mmoja wa hapa aligoma kufungua ghala lake mpaka mizani iletwe, na mwenye lori, pamoja na haraka zake zote, alimtuma utingo wake kwenda kuiazima kwetu.