Hospitali Kubwa ni Mji

Anayevuka kivuko cha Likoni baada ya sala ya alfajiri hukutana na wagonjwa wengi: bibi aliyeegemea bega la mjukuu, mzee aliyekumbatia bahasha ya picha za eksirei. Wametoka Msambweni, Ukunda na vijiji vya ndani ya Kwale, wakielekea kisiwani Mombasa na barua zao za rufaa. Juma lililopita nami nilikuwa miongoni mwao, kwa maumivu ya goti yaliyonishika tangu Mfungo Mosi.

Hospitali kubwa ni mji, una lango na mitaa yake. Kwanza ni dirisha la usajili, kisha la malipo. Halafu hupimwa presha, joto na uzito, ndipo umngojee daktari. Naye akitaka damu au picha ipigwe, huenda ukarudi malipo, kisha maabara, kisha kwake tena na majibu, na mwisho dirisha la dawa. Aujuaye mpango huu hupunguza nusu ya taabu.

Katika hospitali niliyokwenda, vibao vyote vilikuwa vya Kiingereza. Bibi mmoja aliketi tangu saa moja hadi saa nne katika foleni ya meno, ilhali barua yake ilikuwa ya macho. Karani alimwelekeza kwa kidole bila ya kuinua uso. Aliyemwokoa ni mama mfagiaji. Aliweka ufagio, akaisoma karatasi, akasema, "Twende, bibi, nikufikishe." Akamshika mkono hadi mlangoni, na muuguzi wa hapo akamwamkia kwa adabu na kumtafutia kiti. Bibi akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Mwanangu," akasema, "nilidhani nishasahauliwa."

Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kibao cha Kiswahili mlangoni, basi, si hisani. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kuwa kumwongoza aliyepotea njia ni sadaka. Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, Mtume aliamuru awekwe katika hema la Bi Rufaida, msikitini, apate kumzuru kwa karibu. Mgonjwa alisogezwa karibu na watu, hakuachwa pembeni.

Enyi mama na binti zetu, msimwache mzee kwenda hospitalini peke yake. Afuatane na kijana ajuaye kusoma. Kitambulisho, barua ya rufaa na kadi za zamani viwe katika mkoba mmoja. Ulizeni jina la chumba, na mlirudie mbele ya aliyewaelekeza. Na watoto wetu wanaofanya kazi humo, wainue nyuso zao wanaposemeshwa. Mgonjwa huanza kupona kwa kusikilizwa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na awalipe kheri wanaowahudumia. Amin.