Siri na Ufunguo Wake

Bwenini kwetu hapa Songea twapenda kusema kinyume, mchezo wa zamani wa Waswahili: silabi ya mwisho huja mbele, "kitabu" kikawa "bukita". Lakini aijuaye njia ajua yote. Basi mimi na mwenzangu tukaongeza ufunguo, yaani namba. Ikiwa 3, kila herufi husogezwa nafasi 3 katika alfabeti ya Kiingereza: SONGEA huwa VRQJHD. Kuficha hivi ni kusimba. Kufichua ni kusimbua. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba adui aweza kuijua njia, mradi asiupate ufunguo.

Muhula huu mtu alimpigia mama simu, akajidai mwalimu, akitaka namba yake ya siri ya fedha. Mama akakata. Wazazi wetu, njia ya kutuma fedha yajulikana na wote. Namba hiyo ndiyo ufunguo. Msimpe mtu.