Mchora Majengo Alinirudisha Darasani

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Lakini siku nilipopata alama 19 kwa 100 katika fizikia, mimi nilijua nimeanguka kabisa. Nikaenda kumwomba mwalimu anifute katika orodha. "Fizikia si ya watu kama mimi," nikamwambia.

Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Jana ulitazama mpira?" Nikasema ndiyo, kwa jirani mwenye dishi. "Unajua picha ile ilifikaje?" Nikanyamaza kimya.

Alinieleza kuwa setilaiti iko angani, kama kilomita 36,000 juu. Mawimbi yanayoifikia kutoka ardhini huwa hafifu mno, ni lazima yatiwe nguvu kabla ya kurudishwa chini. Katika setilaiti nyingi kazi hiyo hufanywa na mrija usio na hewa. Wimbi hupita katika waya uliosokotwa kama springi, na elektroni hufyatuliwa katikati yake.

"Umewahi kusukuma mkokoteni? Ukikukimbia, utausukumaje?" Basi wimbi nalo hukimbia kama nuru, elektroni haziliwezi. Ila likizungushwa na waya, mwendo wake wa kwenda mbele hupungua, ukakaribiana na ule wa elektroni. Hapo elektroni hujikusanya makundi makundi na kulisukuma, zikilipa nguvu zao. Wimbi liliingia limekonda, linatoka limenenepa!

"Na aliyeubuni alikuwa mchora majengo," akaongeza. Ati nini? Naam, Rudolf Kompfner, aliyezaliwa Vienna mwaka 1909. Alisomea usanifu wa majengo. Fizikia alijifunza mwenyewe baada ya kazi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilimweka kizuizini kwa kuwa alitoka upande wa adui. Alipoachiliwa alipelekwa Chuo Kikuu cha Birmingham, na huko ndiko alikoubuni mrija wake. Mwaka 1962 mrija wa aina hiyo ulikuwa ndani ya Telstar, setilaiti iliyopitisha picha za televisheni kati ya Marekani na Ulaya.

Nilitoka ofisini bila kufutwa. Muhula uliofuata nilipata 41. Najua si nyingi, msinicheke! Lakini mwenzangu, kama unataka kulikimbia somo fulani, ngoja kwanza. Huenda hujaupata mwendo wake tu.